Kitu cha Masikio

Hillary Walubengo wa Kitale alikuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati katika kukusanya santuri za zamani za roki na pop kutoka Australia. Hakuna aliyewahi kumpinga, maana hakuna mwingine aliyewahi kulifikiria jambo hilo hata kwa bahati mbaya. Alipostaafu kutoka ofisi ya kilimo, wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa, wengine wakajenga vyumba vya kupangisha. Yeye alijaza chumba cha wageni santuri za bendi ambazo hata huko kwao mama zao wenyewe walikuwa wameshazisahau.

Ugonjwa huo aliupatia mnadani. Mzungu mmoja mkulima wa upande wa Endebess alikuwa amefariki, na vitu vyake vikawa vinauzwa uwanjani. Watu waling'ang'ania plau, matangi na viti. Katoni moja ya santuri, ambazo marehemu alikuwa akitumiwa na dada yake kutoka Adelaide kila Krismasi, ilikosa mtu. Sasa Hillary ana mkono wa birika, na kitu kisichotakiwa na mtu humvuta sana kwa sababu bei yake huwa karibu na bure. Akaibeba. Alipotafuta majina ya zile bendi kwenye simu, akakuta kikundi cha wazee wa Australia wanaogombana kutwa kucha juu ya rangi ya lebo na mwaka wa kutolewa. Akabisha hodi, akatuma picha. Wale wazee wakafurahi kupita kiasi, wakamwita "mtu wetu wa Afrika", na tangu siku hiyo hukuweza kumwambia neno Hillary kuhusu mahindi. Alikuwa mtu mwingine kabisa.

Alijua jina la mpiga ngoma wa kila bendi na mtaa aliokulia. Alijua nani alimnyang'anya nani mchumba huko Geelong mwaka wa sitini na tisa. Neno Wollongong alilitamka polepole, kama mtu anayetafuna maini. Jambo moja tu hakulijua, nalo ni jinsi nyimbo zenyewe zinavyosikika. Hakuwahi kupiga hata moja.

"Sindano ni msumari," alimweleza mkewe, Jepkorir. "Ukiipiga, unaikwaruza. Ukiikwaruza, si santuri tena, ni takataka."

"Kwa hivyo tunaishi na miziki bubu," Jepkorir akasema. "Na watoto wakikuja Krismasi watalala wapi?"

"Si sofa iko?"

Lakini furaha ya Hillary ilikuwa na mwiba. Kulikuwa na kampuni ndogo ya Ballarat, jina lake Kurrajong, iliyotoa santuri chache mno kisha ikafa. Hillary alikuwa nazo zote isipokuwa moja: ile ya vijana wanne walioitwa Tin Verandahs, waliorekodi mwaka wa sitini na nane, wakauza nakala kwa shangazi zao, halafu kila mmoja akaenda kutafuta kazi ya maana. Hakuna binadamu aliye hai aliyekuwa na seti nzima ya Kurrajong. Wale wazee walikuwa wamemwahidi kwamba akiipata hiyo moja, wataweka picha yake mbele ya jarida lao, akiwa ameshika santuri zote kama mtu aliyeshika mtoto. Hillary aliitaka picha hiyo kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Alikuwa hata ameshanunua shati la kupigia picha.

Tena ni yeye aliyegundua kwamba mwimbaji wa Tin Verandahs, kijana aitwaye Colin Hargrave, alizaliwa katika shamba moja nje ya Kitale, wazazi wake wakahamia Australia wakati wa Uhuru. Alipowatangazia wenzake habari hiyo, walimpongeza wiki nzima. Jepkorir alipoarifiwa, aliuliza kama huyo Colin aliacha shamba lolote.

Hillary alikuwa amesambaza habari masokoni kote, Kamukuywa mpaka Chwele, kwamba yeyote atakayeona santuri ya kizungu ampigie simu. Mara nyingi aliitwa kuangalia nyimbo za kwaya. Halafu siku moja akapigiwa na fundi wa redio wa Chwele. Kuna mzee kutoka Matulo, akasema fundi, ameleta gramafoni yake itiwe sindano, na santuri aliyokuja nayo ya kujaribia imeandikwa Kurrajong. Hillary alitoka Kitale bila kuaga. Hata kofia aliisahau.

Mzee huyo aliitwa Jotham Wakoli. Alikuwa amefanya kazi reli maisha yake yote, na sasa alikaa Matulo na mkewe Edah, wakilima miwa na mahindi kidogo. Alimkaribisha Hillary vizuri, akamwonyesha santuri akiwa ameishika mwenyewe, na hakumpa mkononi. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

"Ngoja nikupigie," Mzee Jotham akasema, akiinua mkono wa gramafoni wenye sindano.

"Hapana! Usipige, Mzee! Tafadhali."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mtu aliyekataa ugali kwa sababu umeiva. Hillary akauliza bei. Mzee akasema si yake ya kuuza.

"Ni ya nani basi?"

"Iko na mwenyewe. Tunamngojea."

Hillary alicheka moyoni. Aliyajua hayo, ndiyo mazungumzo ya bei yanavyoanza kila mahali. Kwa hiyo akawa anakwenda Matulo kila mwezi, mwaka huo na mwaka uliofuata, na mkate na sukari, na kila mara Mzee alitaka kumpigia ule wimbo, na kila mara Hillary alimsihi asiupige. Mzee naye alikuwa na swali lake la kila mara. Alitaka kujua Hillary ni wa nani, watu wake ni akina nani.

"Mimi ni mtu wa Kitale tu," Hillary alijibu. "Upande huu sina watu."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Mama yake alitoka huko huko Matulo. Alifariki Hillary akiwa mdogo wa kuvaa kaptura, baba yake akagombana na wakwe mazishini, akahama na mtoto, na njia ya kwenda kwa wajomba ikaota majani. Hillary alipokuwa mtu mzima angeweza kuifyeka, ila aliona yaliyowapata wenzake wa ofisini. Mtu akijulikana tu kuwa ana mshahara, wajomba wanafika na kadi za harambee: huyu anaenda chuo, yule anafanyiwa upasuaji, kanisa linaezekwa. Hillary akajiambia heri asiwe na mama kuliko kuwa na kadi. Kwa hiyo Matulo alijulikana kama Bwana Hillary, basi, na jina la Walubengo alilifungia kabatini pamoja na pasipoti.

Mzee Jotham akafa mwezi wa nane, usingizini, kwa utaratibu, kama mtu wa reli. Hillary alilia kweli alipopata habari. Jepkorir alidhani ni huzuni.

Alikwenda mazishini na suti. Kaburi lilipokwisha kufunikwa na watu wakaanza kuelekea kwenye sufuria, alimvuta pembeni Wekoye, ndugu wa marehemu wa ukoo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa boma. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kidogo cha marehemu angependa kukinunua.

"Bana, vitu vya marehemu haviuzwi hivyo," Wekoye akasema. "Ngojea siku ya kunyoa. Siku ya tatu tunaketi, watu wa boma wananyolewa, vitu vinagawanywa. Na yale mambo ya mwili, koti, kofia, viatu, hayo hata sisi hatugusi. Hayo ni ya mwiwa, mtoto wa dada."

"Mtoto wa dada wa kuzaliwa pamoja?"

"Hata wa ukoo. Mwiwa ni mwiwa. Shida ni wetu hawakuji siku hizi."

Hillary akarudi Kitale akiendesha gari upande usio wake. Kwa zaidi ya miaka hamsini hakuwa na mama. Sasa, ghafla, alikuwa naye.

"Wewe si ulisema hutaki kujulikana huko?" Jepkorir akauliza. "Ati watakuchangisha mpaka soksi?"

"Ni siku moja tu. Nikishachukua, nabadilisha laini ya simu."

Jepkorir alimwangalia, halafu akaenda kukamua ng'ombe, ambaye alimnunua kwa pesa yake mwenyewe.

Siku ya kunyoa watu waliketi chini ya turubai, wazee kwenye viti, wengine kwenye mikeka. Kinyozi alikuwa kando na wembe na beseni, akiwapitia watu wa boma mmoja mmoja. Mjane, Edah, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa ameketi karibu na mlango, kichwa tayari kimenyolewa, kiking'aa. Wekoye alisimama, akataja vitu kwa mpangilio. Shamba lilijulikana. Ng'ombe walijulikana. Kisha akainua koti la marehemu, koti zito la reli lenye vifungo vya shaba, akauliza, kama mtu anayeuliza kwa desturi tu, "Kuna mwiwa hapa?"

Hillary akasimama. Alikuwa ameifanyia mazoezi hotuba hiyo mbele ya kioo.

"Wazee wangu, khocha zangu," akasema, na neno hilo la mjomba likamtoka kwa shida kama mfupa. "Mnanijua kama Bwana Hillary. Leo nasema ukweli. Mama yangu alizaliwa hapa. Mimi ni mwiwa wenu."

Turubai lilinguruma. Wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akamkumbatia na kumpaka ugoro begani. Wekoye alikuwa karibu kulia. Akamvisha koti papo hapo, juu ya suti, jua likiwaka. Hillary akavumilia. Jasho lilipoanza kumtiririka mgongoni, akaona wakati umefika.

"Nashukuru kwa koti," akasema. "Lakini kuna kitu kingine cha mwili wa mjomba. Kuna santuri moja, ya kizungu."

"Santuri ni ya nyumba," akasema mzee mmoja.

"Ngoja, Mzee. Kofia ni ya nini? Ya kichwa. Miwani je? Ya macho, na miwani humwendea mwiwa, sivyo?"

"Ni kweli, miwani tunapeana."

"Basi santuri ni kitu cha masikio. Na masikio si mwili?"

Wazee wakatazamana. Hoja ilikuwa imekaa vizuri, na hakuna kitu wazee wa Matulo wanachokipenda kama hoja iliyokaa vizuri. Mmoja akaunga mkono. Mwingine akapinga vikali: kama santuri ni ya masikio, basi na redio ni ya masikio, kitanda ni cha mgongo, na sufuria ni ya tumbo, huyu mwiwa atatuachia nini, ukuta? Watu wakacheka. Wa kwanza akasema redio inasikizwa na kila mtu, lakini ile santuri alikuwa anaipiga Jotham pekee yake, kila Jumapili akitoka kanisani, kwa hivyo ni ya masikio yake binafsi. Ikabishaniwa hivyo mpaka chai ikapoa. Hillary alikuwa amekaa na koti lake, akijiona tayari mbele ya lile jarida.

Mwishowe Wekoye akainua mkono. "Mimi naona jamaa ameshinda. Kitu cha masikio, na kipewe mwiwa. Lakini tuandike vizuri kwa vichwa vyetu huyu ni mwiwa wa nyumba gani. Mama yako aliitwa nani?"

"Nabwile."

"Nabwile wako wengi. Nabwile wa nani?"

Hillary akafungua kinywa. Mtu huyu angekutajia kwa usingizi nani alipiga gitaa la besi katika bendi iliyodumu wiki sita huko Tasmania. Alijua hata jina la mbwa wa meneja wao. Jina la babu yake mzaa mama hakuwa nalo. Alilitafuta, akatafuta tena.

"Nabwile wa hapa hapa," akasema.

"Hapa wapi? Aliolewa na nani?"

"Na baba yangu. Walubengo."

Hakuna aliyecheka tena. Hata kinyozi aliinua wembe kutoka kichwa cha mtu. Kukhu Edah aligeuka pale mlangoni, akamtazama Hillary kuanzia juu hadi chini kama ndio kwanza anamwona.

"Walubengo aliyehama na mtoto," akasema.

"Ndiyo, Kukhu."

"Mama yako alifanya kazi gani kabla aolewe?"

"Kwa shamba la mzungu, huko Kitale. Nasikia alikuwa yaya."

"Yaya wa nani?"

Hillary hakujua. Hakuwahi kuuliza.

"Wa Kolini," akasema Kukhu Edah. "Alimbeba kwa mgongo mpaka akajua kusoma. Wazungu wakaenda Australia, yule kijana akakuwa mkubwa, akaimba, na ile santuri ya kwanza akamtumia Nabwile, kwa anwani ya kanisa yetu hapa. Nabwile hakuwa na gramafoni. Jotham ndiye alikuwa nayo, na Nabwile ni dada yake, walinyonya titi moja. Alikuwa anakuja hapa na wewe mgongoni, wanaipiga, anacheka ati Kolini bado anaimba kwa pua."

Hillary aliketi. Hakukuwa na kiti, akaketi mkekani, koti likamfunika kama blanketi.

"Alipokufa, Jotham alisema hii ni ya mtoto wa Nabwile, siku akikuja tutampatia. Alituma watu Turbo, alituma watu Kitale. Hakuna. Halafu ukakuja wewe. Alikuuliza, wewe ni wa nani? Kila mwezi alikuuliza. Alikuwa ananiambia usiku, Edah, huyu mtu iko na masikio ya dada yangu. Nikamwambia wachana naye, mtu amesema mwenyewe hana watu huku. Mtu hawezi kataa mama yake juu ya santuri."

Wekoye alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee wa ugoro alisogea pembeni kidogo, akamwachia Hillary mkeka peke yake.

"Alikuwa anataka kukupigia tu," Kukhu Edah akaendelea, na sauti yake ikaanza kukwaruza. "Alisema ukiisikia, kama ni wewe, utakumbuka. Ulilala na hiyo wimbo. Lakini ulikuwa unakataa kama mtu anapewa sumu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukusanyaji Hillary akataka kusikia wimbo. Aliutafuta mgongo wa mama yake mahali fulani ndani yake, joto lake, kitambaa chake, sauti yoyote ile. Hakupata. Alikuwa amechelewa, na alijua amechelewa, na machozi yalimtoka bila yeye kuyaita. Wanawake waliokuwa karibu walianza kumwonea huruma.

"Iko wapi, Kukhu?" akauliza.

"Mwenyewe hakukuja," akasema Kukhu Edah. "Jotham alisema basi, kama hakuna mtoto, nikifa nitampelekea Nabwile mimi mwenyewe. Nilimwekea Jotham kifuani mwenyewe, chini ya shuka, hakuna aliyeona. Ameenda nayo."

Ng'ombe mmoja alilia nyuma ya nyumba. Hillary alifuta uso kwa mkono wa koti la mjomba wake, akatazama upande wa kaburi, udongo bado mwekundu, maua ya plastiki juu yake. Alitazama sana. Halafu macho yake yakabadilika kidogo, yakawa makavu, ya mtu anayepiga hesabu, na akamsogelea mjane kwa magoti.

"Kukhu," akanong'ona, "uliiweka na jalada lake, ama hivyo hivyo?"

Kukhu Edah alimtazama bila hasira, kama mtu anavyomtazama mtoto mgonjwa, kisha akamwita kinyozi.

"Kuja umnyoe huyu pia," akasema. "Amefiwa, na hajui."